Utabiri wa siku tano uvuke mpaka pamoja na mzigo

Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba joto hupanda katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Jua huvuka Ikweta kuelekea kusini tarehe 22 au 23 Septemba, na katika wiki zinazofuata hupita juu ya utosi wa watu wa Mwanza, kisha Dodoma, kisha Dar es Salaam. Asubuhi anga huwa jeupe, mchana fukuto linabana, na ifikapo saa tisa alasiri mawingu mazito yanasimama upande mmoja. Siku nyingine yanamwaga, siku nyingine yanapita bila hata tone.

Kwa mkulima, hizi ni wiki za kuandaa shamba. Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka, ni wiki za kubahatisha. Mahindi ya msimu uliopita bado yako barabarani, dagaa bado wanaanikwa, nyanya na vitunguu vinasafiri kwenye malori ambayo turubai lake limeachwa wazi kidogo ili mzigo upate hewa. Mvua ya saa moja, ikija siku isiyotarajiwa, inaweza kula faida ya mwezi mzima.

Swali analojiuliza mfanyabiashara huyo si la msimu. Vuli inakuja, hilo analijua bila kuambiwa. Anachotaka kujua ni kidogo zaidi: kesho na keshokutwa, kwenye njia atakayopita, mvua itanyesha wapi na saa ngapi? Swali hilo dogo ndilo ambalo Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na vituo vyake vya pamoja vya mipakani na itifaki zake zote, bado haijampatia jibu analoweza kulitumia.

Jibu lenyewe lipo, ila limekatwa vipande. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ina kipande chake, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina chake, na Uganda, Rwanda na Burundi kila moja ina chake. Utabiri wa kila nchi unaishia pale bendera yake inapoishia. Mzigo hauishii hapo.

Lori moja, kalenda mbili

Chukua mfano wa lori la mahindi linaloondoka soko la nafaka la Kibaigwa mkoani Dodoma, mwanzoni mwa Novemba, likielekea Namanga. Dodoma ni eneo la msimu mmoja wa mvua, na kwa kawaida mwezi huo ardhi yake bado ni kavu. Mfanyabiashara akitazama juu anaona anga safi. Akisikiliza utabiri wa mkoa wake anaambiwa vipindi vya jua. Anapakia.

Njiani lori hilo linaacha kalenda moja na kuingia nyingine. Manyara, Arusha na Kilimanjaro ziko kwenye mikoa inayopata vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kufika Namanga anaweza kukuta foleni, ukaguzi, magunia yanashushwa na kupandishwa, na juu yake mawingu ambayo hayakuwapo kwenye hesabu zake. Akivuka, anaingia Kajiado na Nairobi, ambako taarifa za hali ya hewa zinatolewa na ofisi nyingine, kwa mpangilio mwingine.

Upande wa magharibi kalenda inakwenda kinyume. Rwanda huingia kwenye msimu wake wa Umuhindo kuanzia Septemba. Kusini mwa Uganda mvua za pili za mwaka, zile ambazo Waganda huziita ddumbi, nazo huanza mapema. Kagera hufuata, halafu vuli inashuka kuelekea Mwanza, Mara na Shinyanga. Kwa hiyo mtu anayetoa mchele Kahama kwenda Rusumo anakwenda kukutana na mvua ambayo kwao bado haijafika. Dalili ya mvua ni mawingu, wahenga walisema, lakini mawingu ya kwao hayamwambii lolote kuhusu anakokwenda.

Hasara yake haiishii kwenye kuloana. Mahindi yanayokubalika katika soko la Jumuiya yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Gunia lililoloana likakaa siku kadhaa kwenye joto la kipindi hiki ndani ya lori lililofungwa ni mahali pazuri pa kuvu kuota. Wafanyabiashara wengi wanaikumbuka Machi 2021, Kenya iliposimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Zuio lile liliondolewa baada ya siku chache, lakini masharti yalibaki: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uje na cheti kinachothibitisha kiwango cha sumu hiyo.

Tangu wakati huo mvua ya njiani imekuwa suala la nyaraka. Mzigo uliopimwa na kupita ukiwa mkavu unaweza kufika mpakani ukiwa mzigo mwingine. Mwenye mali atabishana na mkaguzi, atalipia maegesho, atapiga simu kwa mnunuzi anayeanza kushusha bei. Mara nyingi angeweza kuepuka yote hayo kwa kuondoka siku moja mapema au siku mbili baadaye, kama angeambiwa.

Ziwa lina saa zake

Hakuna mahali ambapo kukatwa vipande kwa utabiri kunaumiza kama Ziwa Victoria. Ziwa hili lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, na limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Ni kubwa kiasi cha kutengeneza hali yake ya hewa lenyewe.

Namna linavyofanya kazi si siri, na wavuvi wazee wanaijua bila kusoma kitabu. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu ya radi yanajengeka juu ya miinuko inayolizunguka ziwa. Ndiyo maana Kisumu, Kericho na Kisii hupata ngurumo zake alasiri. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na joto, pepo kutoka pande zote zinakutana katikati ya ziwa, na radi zinazaliwa juu ya maji. Kilele chake ni usiku wa manane hadi asubuhi. Bukoba na visiwa vya Ssese, vilivyo upande wa magharibi, vinaijua vizuri mvua ya alfajiri.

Maana yake kwa biashara ni kwamba lori na boti havina saa moja. Dereva wa lori kandokando ya ziwa ana nafasi nzuri zaidi asubuhi, kabla joto halijajenga mawingu. Nahodha wa boti la mizigo anayeondoka usiku ili awahi soko la asubuhi anaingia majini saa zilezile ambazo ziwa ni hatari zaidi. Na joto la kipindi hiki, maji na nchi kavu vyote vikiwa vimejaa nguvu za jua la utosi, linaongeza ukali wa ngurumo zinapokuja.

Makadirio yaliyotumiwa katika mradi wa utabiri wa Ziwa Victoria uliosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulioanza mwaka 2017, yalitaja vifo kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka katika ziwa hilo. Hata akija mtu aseme makadirio hayo yamezidi, apunguze nusu, kisha apunguze nusu tena, bado kinachobaki ni msiba ambao ungesimamisha nchi kama ungetokea siku moja mahali pamoja. Unatokea kidogo kidogo, mtumbwi huu leo, ule wiki ijayo, na kwa sababu hiyo hauandikwi.

Mradi ule ulionyesha kwamba jambo hili linawezekana. Wataalamu wa nchi za ziwa walifanya kazi pamoja, rada ya TMA iliyoko Mwanza ikasaidia kuona radi zinavyokua na kusogea, na utabiri wa ziwa ukaandikwa kwa lugha ambayo mvuvi anaielewa. Miradi ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kufunga. Ziwa halina tarehe ya kufunga, wala biashara inayolivuka.

Dagaa na mvua ya nusu saa

Kama kuna bidhaa inayobeba hoja hii yote mgongoni, basi ni dagaa. Samaki huyu mdogo anaitwa dagaa Mwanza, omena Kisumu na mukene Kampala. Katika mwalo wa Kirumba jijini Mwanza, wanunuzi wanatoka ndani ya Tanzania, nchi jirani na hadi Kongo. Anavuliwa usiku, anaanikwa asubuhi, na jua moja zuri linamtosha kukauka.

Dagaa aliyekauka vizuri juu ya kichanja ni chakula cha watu. Dagaa huyohuyo akinyeshewa akiwa nusu mkavu, hasa akiwa ameanikwa mchangani, hubadilika rangi na harufu, na mara nyingi huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo ada ya shule ya mtoto, ndiyo rejesho la mkopo wa kikundi.

Wengi wanaofanya biashara hii ni wanawake wenye mtaji mdogo. Ni watu wanaopita chini ya utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wenye cheti chepesi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa palepale mpakani. Utaratibu huo ulibuniwa ili mtu mdogo asihitaji wakala wa forodha. Ni jambo jema lililofanywa na Jumuiya. Lakini mtu wa mtaji wa dola 2,000 hana mzigo wa pili wa kufidia wa kwanza, na bima ya mzigo kwa mtu wa kiwango chake ni nadra kuiona. Ushuru umeondolewa kwenye njia yake. Mvua haijaondolewa, na hakuna anayeweza kuiondoa. Anachoweza kupewa ni taarifa.

Akiambiwa jioni kwamba kesho asubuhi kuna uwezekano mkubwa wa ngurumo upande wa Mwanza na Ukerewe, anaweza kununua kidogo, au kukodi kichanja kilichoezekwa, au kusubiri. Akiambiwa kwamba upande wa Busia na Kampala mvua zitakuwa nyingi kwa siku tatu, anaweza kupeleka mzigo mkavu alionao sasa kabla bei haijabadilika. Huo ndio uamuzi wa kibiashara, na unafanywa kwa utabiri wa siku moja hadi tano. Utabiri wa msimu, kwa umuhimu wake wote, haumsaidii hapo.

Barabara ikikatika kwa jirani

Wapo wanaofikiri kwamba mvua ya nchi nyingine ni habari ya nchi nyingine. Mei 2023 iliwapa jibu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, mvua kubwa magharibi na kaskazini mwa Rwanda zilisababisha mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 na kuharibu barabara. Siku chache baadaye, Mto Katonga nchini Uganda ulifurika na kuharibu barabara ya Kampala kwenda Masaka, ikafungwa darajani.

Mto Katonga hauko mpakani. Lakini barabara ile ndiyo inayotoka Kampala kwenda Mutukula upande wa Tanzania na Katuna upande wa Rwanda. Ilipokatika, magari yalilazimika kuzunguka kupitia Sembabule, safari ikarefuka na mafuta yakaongezeka. Mwenye nyanya aliyekuwa bado hajavuka Mutukula alikuwa na sababu zote za kufuatilia mvua za katikati mwa Uganda kuliko mvua za Bukoba. Ni wangapi walikuwa na njia ya kuzifuatilia, kwa lugha wanayoielewa?

Neno moja, maana tatu

Hapo ndipo lilipo tatizo la pili, ambalo halihitaji rada wala satelaiti kulitatua: lugha. TMA hutoa taarifa zake kwa Kiswahili na ina ngazi tatu zinazojulikana: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zikiendana na rangi ya njano, chungwa na nyekundu. Akivuka Sirari kuingia Isebania, mfanyabiashara anakuta taarifa nyingi za kitaalamu kwa Kiingereza. Akivuka Rusumo anakuta Kinyarwanda. Akivuka Kabanga kuingia Kobero anakuta Kirundi na Kifaransa. Kila nchi ina haki ya lugha yake, na mwananchi wa kawaida wa Ngozi au Musanze anahudumiwa vizuri zaidi kwa lugha ya mama yake. Lakini kati ya hao wote, lugha inayotumika kupatana bei mpakani ni Kiswahili. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya wenyewe, katika Ibara ya 137, unataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya. Hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko taarifa inayookoa mali na roho.

Hata ndani ya Kiswahili, yapo maneno ya utabiri yanayohitaji kufafanuliwa. Mtangazaji anaposema mvua zinatarajiwa "katika maeneo machache", wasikilizaji wengi wanaelewa kwamba mvua itakuwa chache. Sivyo. Neno hilo linahesabu maeneo, halipimi ukubwa wa mvua. Katika hayo maeneo machache inaweza kunyesha ya kubomoa daraja. Ngurumo za kipindi hiki cha joto ndivyo zilivyo: kijiji kimoja kinafurika, kijiji cha pili kinapigwa vumbi.

Vivyo hivyo utabiri wa msimu unaposema mvua za "chini ya wastani". Hiyo ni jumla ya miezi mitatu, na imetolewa kama uwezekano kati ya hali tatu. Haizuii siku moja ya mafuriko ndani ya miezi hiyo. Aliyeuza turubai lake kwa sababu alisikia vuli itakuwa hafifu alisikia sawasawa, ila alilitumia tangazo la miezi mitatu kufanya uamuzi wa siku moja.

Na utabiri uleule hauwapi watu wote uamuzi mmoja. Uwezekano wa mvua wa asilimia 40 si kitu kwa mwenye vitunguu ambaye lori lake lina turubai zima. Atalifunga na kuondoka. Kwa mwenye dagaa mchangani, asilimia 40 ni sababu tosha ya kuacha kununua siku hiyo. Taarifa nzuri haimwamulii mtu. Inampa kipimo, naye anapima dhidi ya mzigo wake.

Ilikuwapo, ikavunjwa

Wanaodhani utabiri wa pamoja ni ndoto wanasahau kwamba uliwahi kuwapo. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1929, wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki iliendelea kuzihudumia Kenya, Uganda na Tanzania kutokea Nairobi. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, reli iligawanywa, shirika la ndege likagawanywa, na anga nalo likagawanywa. Kila nchi ikaanzisha idara yake.

Mgawanyo huo ulizaa taasisi imara, na hakuna sababu ya kuzivunja leo. Lakini Jumuiya ya sasa iliporejea, haikusahau jambo hili kwenye karatasi. Ibara ya 100 ya Mkataba inazitaka nchi wanachama kukusanya taarifa za hali ya hewa na kupeana, kwa ajili ya usafiri wa anga, wa pwani na wa maji ya ndani, na kwa ajili ya kutahadharishana kuhusu hali mbaya ya hewa. Wataalamu wanatekeleza sehemu kubwa ya hayo. Vituo vya Nairobi na Dar es Salaam vinatoa mwongozo wa utabiri wa hali mbaya kwa wataalamu wa nchi za kanda. Kituo cha hali ya hewa cha IGAD, ICPAC, nacho kinatoa utabiri wa msimu unaohusu nchi 11, zikiwamo Tanzania, Rwanda na Burundi ambazo si wanachama wa IGAD.

Kwa maneno mengine, watabiri wameshavuka mpaka. Wanapeana ramani na kusahihishana. Aliyebaki upande mmoja wa kizuizi ni mtumiaji wa mwisho, yule mwenye gunia.

Hoja za kupinga, na majibu yake

Hoja ya kwanza ya wanaositasita ni ya mamlaka. Tahadhari ya hali ya hewa ni jukumu la kila serikali, na ni sahihi kwamba katika kila nchi kuwe na sauti moja rasmi, isije ikawa ofisi mbili zinatangaza mambo mawili watu wakachanganyikiwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini taarifa ya pamoja haihitaji kuondoa sauti ya mtu. Kila nchi iandike sehemu yake, iweke sahihi yake, kisha sehemu hizo ziwekwe kwenye karatasi moja kufuata njia ya barabara badala ya mipaka ya mikoa. Kinachobadilika ni mpangilio tu.

Hoja ya pili ni ya simu. Inasemwa kwamba mfanyabiashara wa leo ana simu mkononi yenye programu ya hali ya hewa, inayoonyesha mchoro wa jua au wingu kwa kila mji duniani. Ni kweli anayo. Lakini nyingi ya programu hizo hutegemea mifumo ya dunia nzima, ambayo inahangaika kuziona radi ndogo za ziwa na milima ya ukanda huu. Mchoro wa wingu lenye matone kwa wiki nzima haumwambii mtu kama mvua ni ya alfajiri au ya jioni. Mtabiri aliyekaa Mwanza, mwenye rada mbele yake na uzoefu wa miaka, anajua zaidi ya mchoro huo.

Hoja ya tatu ni ya makosa. Utabiri hukosea, na mfanyabiashara aliyeahirisha safari bure anapata hasara vilevile. Hapa dawa ni ukweli. Kila mwezi taarifa hiyo ieleze ilipatia mara ngapi na kukosea mara ngapi. Wafanyabiashara wamezoea kupima uaminifu wa mtu kwa rekodi yake. Dalali anayewadanganya mara tatu hawarudi kwake. Wapewe nafasi ya kumpima na mtabiri.

Hoja ya nne ni gharama, kwani takwimu za hali ya hewa hutengenezwa kwa fedha na baadhi ya huduma hulipiwa. Kampuni kubwa ya usafirishaji inayotaka utabiri wa njia yake saa kwa saa ilipie. Lakini tahadhari ya msingi kwa mtu anayevuka na magunia matano ni huduma ya umma, kama taa ya barabarani.

Kinachowezekana vuli hii

Mengi ya yanayotakiwa hayahitaji mkutano wa wakuu wa nchi. Vituo vya pamoja vya Namanga, Busia, Malaba, Mutukula, Rusumo, Holili na Sirari vina kuta, vina umeme na vina watu wanaosubiri foleni. Ubao mmoja katika kila kituo, wenye hali ya hewa inayotarajiwa kwa siku tano pande zote mbili za mpaka, kwa Kiswahili, ukibadilishwa kila asubuhi, ni kazi ya karatasi na kalamu. Redio za jamii za mipakani zinaweza kuusoma ubao huohuo.

Katika mialo ya ziwa, bendera za rangi tatu zilezile, njano, chungwa na nyekundu, zenye maana ileile Musoma, Homa Bay na Jinja, zingemwambia nahodha asiyejua kusoma jambo analohitaji kujua kabla hajawasha injini. Rangi zikitofautiana kati ya nchi na nchi, bora zisiwekwe kabisa.

Mamlaka za forodha na viwango nazo zina sehemu yao. Siku ambayo tahadhari ya mvua kubwa imetolewa, bidhaa zinazoharibika ziwahishwe kwenye ukaguzi, na mizigo inayofunguliwa ifunguliwe chini ya paa. Haina maana kumdai mtu mahindi makavu kisha kumfungulia magunia yake kwenye mvua.

Vyama vya wafanyabiashara navyo visisubiri kuletewa. Vinaweza kuwa na mtu mmoja upande huu na mmoja upande ule, wanaopigiana simu kila jioni na kutuma taarifa rasmi za nchi zao kwenye kundi la wanachama. Viwapigie watabiri pia, kuwaeleza mvua ilinyesha wapi na utabiri ulikosea wapi, kwa sababu vituo vya kupima mvua ni vichache kuliko macho ya madereva. Na mfanyabiashara mwenyewe, kabla ya kupakia, aulize hali ya hewa ya anakokwenda, siyo ya anakotoka.

Sekretarieti ya Jumuiya iliyoko Arusha na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu zina uwezo wa kuzikutanisha taasisi tano za hali ya hewa na kukubaliana juu ya mambo matatu: rangi moja, maneno mamoja ya Kiswahili na saa moja ya kutoa taarifa. Kazi hiyo inamalizika kabla ya Krismasi, ambayo ndiyo miezi ya biashara kubwa kuliko yote mipakani, na ndiyo miezi ya vuli.

Joto la sasa litavunjika. Siku moja, alasiri, mawingu yaliyokuwa yakipita yatasimama, na mvua ya kwanza itapiga mabati ya Sirari na Isebania kwa pamoja, bila kuchagua. Wakati huo kutakuwa na mama ameshaanika, na lori limeshapakiwa. Watu hao walistahili kuambiwa jana yake.